Mizani ya Safari: Ugumu wa Final Fantasy Tangu 1987 Hadi Matoleo Yake Mapya

Mchezo wa video unapotengenezwa upya, yaani unapoundwa tena kwa ajili ya mashine za zama nyingine, mabadiliko yanayotangazwa ni yale ya macho na masikio: picha zilizochorwa upya, muziki uliopigwa upya, maandishi yaliyosahihishwa. Yapo mabadiliko mengine yasiyoonekana katika tangazo lolote, nayo ni ya hesabu: bei ya dawa, uhai wa jitu la mwisho, idadi ya mara ambazo mchawi anaweza kutumia sihiri kabla ya kulala, mahali ambapo mchezaji anaruhusiwa kuhifadhi hatua aliyofikia. Hesabu hizo kwa jumla ndizo mizani ya mchezo, kwa kuwa zinapima nguvu za mchezaji dhidi ya nguvu za ulimwengu anaouingia, na zikisogezwa hata kidogo, mchezo wenye jina lilelile, hadithi ileile na ramani ileile huwa mchezo mwingine. Final Fantasy, uliotolewa na kampuni ya Square ya Japani tarehe 18 Desemba 1987 na kuundwa upya mara kadhaa hadi mwaka 2021, ni miongoni mwa michezo iliyosogezwa mizani yake mara nyingi zaidi, na historia yake inafaa kufuatwa kwa makini kwa sababu inaonyesha ugumu wa mwanzo ulikaa wapi hasa, na jinsi waliokuja baadaye walivyoupunguza upande mmoja kisha wakajaribu kuufidia upande usiokuwa wake.

Mashine ulimozaliwa mchezo huo ni Famicom ya Nintendo, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1983. Mwaka 1986 kampuni ya Enix ilitoa Dragon Quest, na mafanikio yake yakathibitisha kwamba mchezo wa uhusika, yaani ule ambao mchezaji huongoza mashujaa wanaokusanya uzoefu, wanaonunua silaha na wanaokua kadiri hadithi ndefu inavyosonga, unaweza kuingia katika mashine ndogo isiyo na kibodi. Kikundi cha Square kilichoufuata mkondo huo kiliongozwa na Hironobu Sakaguchi; msimbo uliandikwa na Nasir Gebelli, Mmarekani mzaliwa wa Iran, na mfumo wa mapigano ulibuniwa na Akitoshi Kawazu, aliyechota kwa wingi kutoka Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Marekani uliotoka mwaka 1974. Vyote hivyo, pamoja na ramani ya dunia nzima, mazimwi na miji, vilibanwa katika kaseti, yaani kisanduku cha plastiki chenye chipu za kumbukumbu, yenye uwezo wa kilobaiti 256, ambao leo hautoshi hata kwa picha moja ya kawaida ya simu.

Mchezaji huanza kwa kuchagua mashujaa wanne kutoka katika kazi sita: Mpiganaji, Mwizi, bingwa wa ngumi aitwaye Mkanda Mweusi, na wachawi watatu, ambao ni mwekundu, mweupe na mweusi. Akiisha kuwachagua hawezi kuwabadilisha, na hivyo uamuzi wa dakika ya kwanza, unaofanywa na mtu asiyejua lolote kuhusu yaliyo mbele, unamfuata hadi mwisho. Sihiri zimegawanywa katika ngazi 8, na kwa kila ngazi mchawi ana idadi yake ya matumizi, isiyozidi 9 hata akikomaa kiasi gani. Aliyemaliza matumizi ya ngazi ya kwanza hawezi kuazima ya ngazi ya tatu, na kwa kawaida yote hurudi tu baada ya kulala katika nyumba ya wageni mjini. Kawazu aliuchukua utaratibu huo kutoka katika mchezo wa mezani, ambako mchawi huandaa sihiri zake asubuhi kwa ajili ya siku nzima, na maana yake katika mchezo wa video ilikuwa kwamba kila sihiri ni kama maji katika kibuyu cha msafiri: thamani yake hupimwa kwa umbali uliobaki kabla ya kufika kisimani.

Kuhifadhi mchezo nako kulifungwa kwa sharti hilohilo. Toleo la 1987 lilimruhusu mchezaji kuhifadhi hatua yake mjini anapolala, au nje katika ramani ya dunia anapotumia hema au kibanda alichokinunua, na hakukuwa na mahali popote ndani ya mapango na mahandaki ambapo angeweza kufanya hivyo. Mashujaa wote wanne wakianguka, alirudishwa pale alipohifadhi mara ya mwisho, akiwa amepoteza dhahabu, uzoefu na silaha zote alizozipata tangu hapo. Shujaa aliyekufa peke yake hakuweza kufufuliwa katikati ya pambano, kwa kuwa sihiri ya kuhuisha ilifanya kazi nje ya mapigano tu, na ile dawa ya kufufua iitwayo unyoya wa feniksi, ambayo matoleo ya baadaye ya mfululizo huu yameizoesha kwa kila mchezaji, haikuwamo kabisa. Aliyekuwa bado hajajifunza sihiri hiyo ilimbidi ambebe maiti mpaka mjini na kumlipa mganga wa hekaluni.

Pango moja linatosha kuonyesha jinsi masharti hayo yalivyofanya kazi kwa pamoja, nalo ni Pango la Kinamasi, ambalo mchezaji hulifikia mapema, akiwa amepata jahazi na kutia nanga karibu na mji wa Elfland. Kabla ya kuondoka mjini ilimpasa kununua dawa za kuponya majeraha, kila moja kwa sarafu 60 na kila moja ikirudisha uhai kidogo sana, na duka la mchezo halikujua kuuza kwa jumla: dawa moja, ndiyo, asante, dawa nyingine, ndiyo, asante, na aliyetaka kujaza mfuko wake hadi 99 alibonyeza kitufe mara mamia. Kisha alitembea kuelekea kusini na magharibi akikatizwa na mapigano njiani, akapiga hema karibu na mlango wa pango na kuhifadhi. Kuanzia hapo alikuwa peke yake. Ndani kulikuwa na viumbe wenye sumu, na sumu haikukoma pambano lilipokwisha. Iliendelea kumla shujaa kwa kila hatua aliyopiga hadi apewe dawa ya sumu, ambayo iliuzwa kwa sarafu 75 moja. Vyumba vingi vilikuwa vitupu au na vitu hafifu, na taji lililotafutwa lilikuwa sakafu ya chini kabisa, mbele yake wakiwa wamesimama wachawi wakali ambao wangeweza kuwamaliza mashujaa wanne katika mizunguko michache ya mapigo. Aliyewashinda alikuwa amefika nusu ya kazi tu, kwa maana ilibaki kupanda sakafu zile zile, dawa zikiwa zimepungua na sihiri zikiwa zimekwisha, na kifo katika ngazi ya mwisho ya kutokea kilikuwa na bei ileile ya kifo mbele ya taji.

Ni vigumu kulieleza jambo hili kwa mtu aliyezoea michezo ya leo bila kulifanya lionekane ukatili mtupu, ilhali ndilo lililokuwa kiini cha mchezo. Pambano moja moja ndani ya pango lile, likipimwa peke yake, halikuwa gumu; ugumu ulitokana na jumla ya mapambano thelathini au arobaini yaliyounganishwa na safari moja isiyo na kituo, na swali ambalo mchezaji alijiuliza kila kona lilikuwa swali la msafiri anayetazama kibuyu chake: aendelee, au arudi angali na cha kurudia? Busara ya kurudi mapema, ambayo mabaharia na wapagazi wa zamani waliijua vizuri, ilikuwa sehemu ya ustadi wa kucheza.

Mapigano yenyewe yalikuwa na sharti lililodai hesabu ya aina nyingine. Mchezaji alitoa amri kwa mashujaa wote wanne kabla ya mzunguko kuanza, na ikiwa wawili wameagizwa kumpiga zimwi mmoja naye akafa kwa pigo la kwanza, pigo la pili lilikwenda hewani na kutangazwa kuwa halikufaa kitu. Mbele ya kundi la maadui 9, idadi ya juu kabisa iliyoweza kuonekana kwa pamoja, mtu alilazimika kukadiria nani ataanguka kwa pigo moja na nani atahitaji mawili, na makadirio mabaya yalipoteza mzunguko mzima. Wapo waliouona utaratibu huu kuwa upungufu wa programu tu, lakini matokeo yake yalikuwa kwamba hata pambano dogo dhidi ya mazimwi manyonge lilihitaji akili iwepo.

Sehemu nyingine ya ugumu haikukusudiwa na mtu yeyote. Waliokuja kuuchambua msimbo wa mchezo huo waligundua hitilafu nyingi, baadhi yake zikigusa mihimili yenyewe ya mizani. Akili ya mchawi, ambayo ilionyeshwa kwa tarakimu kwenye skrini na kupanda kadiri alivyokua, haikuwa na athari yoyote katika nguvu za sihiri zake, kiasi kwamba mpiganaji mjinga angetoa moto uleule kama angepewa sihiri ileile. Silaha zilizoelezwa kuwa adui wa mazimwi wa aina fulani, kama vile panga za kuua majitu au mazimwi wa majini, hazikuongeza chochote dhidi ya maadui hao. Sihiri iliyopaswa kuongeza nguvu za upanga wa mwenzako haikuongeza kitu, na nyingine ya kumnoa mchawi mwenyewe vivyo hivyo. Uwezekano wa pigo la kufisha ulichukuliwa kimakosa kutoka katika namba ya silaha kwenye orodha, hivyo silaha zilizoorodheshwa mwishoni zilipata bahati isiyokuwa yao. Hata ile nyumba ya kubebeka, kifaa cha bei kubwa kilichorudisha sihiri nje ya mji, ilihifadhi mchezo kwanza na kurudisha sihiri baadaye, hivyo aliyezima mashine na kuiwasha tena alijikuta hana alicholipia.

Kwa hiyo ugumu wa mwaka 1987 ulikuwa na mizizi miwili iliyofungamana, mmoja ukiwa uhaba uliopangwa na mwingine makosa yasiyojulikana, na mchezaji wa wakati huo hakuwa na njia ya kuvitenganisha. Alijifunza kwa uzoefu kwamba sihiri fulani hazifai, kwamba ile ya kuongeza kasi ya mapigo ndiyo pekee yenye faida kubwa, na kwamba bingwa wa ngumi asiyeshika silaha yoyote huja kuwashinda wenye panga za thamani. Mizani ya mchezo ilikuwa imepotoka kwa makosa, lakini ilikuwa mizani iliyokaa. Kila kitu ndani yake kilipimwa kwa kujaribiwa na binadamu, makosa yakiwa yamo.

Mchezo ulipofika Marekani mwaka 1990 ulitolewa na Nintendo yenyewe, na hatua walizozichukua kuupunguzia ukali zilikuwa za karatasi. Kaseti iliambatana na kitabu kinene cha mwongozo, ramani na jedwali la mazimwi, na jarida la kampuni hiyo, Nintendo Power, lilitoa toleo zima kwa ajili ya kueleza njia kutoka mwanzo hadi mwisho. Hesabu za ndani ziliachwa kama zilivyokuwa, huku ujuzi wa mchezaji ukiongezwa kwa maandishi, na pengine huo ndio uliokuwa usaidizi wa heshima kuliko yote yaliyofuata, kwa sababu msafiri alipewa ramani, nayo safari ikabaki na urefu wake. Ulaya haikuupata mchezo huo kabisa wakati huo, na jambo hilo litaonekana kuwa na uzito baadaye.

Toleo la mwaka 1989 la kompyuta za MSX2 halikubadilisha mengi. Mabadiliko ya kweli yalianza tarehe 9 Desemba 2000, siku ambayo kampuni ya Bandai ilizindua mashine ya mkononi iitwayo WonderSwan Color na Final Fantasy ukawa miongoni mwa michezo yake ya kwanza. Picha zilichorwa upya na hitilafu nyingi zikarekebishwa, na kazi hiyo ikawa msingi wa toleo la PlayStation lililotoka Japani mwaka 2002 na nchi nyingine mwaka 2003 kwa jina la Final Fantasy Origins, likiwa limeunganishwa na mchezo wa pili wa mfululizo. Hapo ndipo Ulaya ilipoupata kwa mara ya kwanza, miaka 15 baada ya kuzaliwa kwake, na hapo ndipo ulipowekwa mlango wa pili: mchezaji aliulizwa mwanzoni kama anataka njia ya kawaida au njia nyepesi, ambayo bidhaa zake ni za bei nafuu na mashujaa wake hukua haraka zaidi.

Wazo la kuwa na mchezo mmoja wenye sura mbili, ya wanaojifunza na ya waliobobea, si geni kwa wasomaji wa pwani, ambako bao la kujifunza limekuwa likitangulia bao la Kiswahili lenyewe. Tofauti iliyopo ina maana. Anayecheza bao la kujifunza anajua kwamba yuko njiani kuelekea bao jingine, na wazee waliokaa naye wanajua hivyo, ilhali njia nyepesi ya Origins ilikuwa na mwisho uleule, shangwe ileile na hadithi ileile, bila chochote kinachomwambia mchezaji kwamba kuna bao jingine. Toleo hilo liliongeza pia aina ya uhifadhi wa muda, uliowekwa katika kumbukumbu ya mashine na kupotea umeme ukikatwa, na ambao uliweza kufanywa mahali popote. Ulionekana kuwa jambo dogo. Kwa kweli ulikuwa ufa wa kwanza katika ukuta wa Pango la Kinamasi, kwa kuwa tangu siku hiyo hakukuwa tena na umbali kati ya hema la mlangoni na taji la sakafu ya chini.

Ukuta wenyewe ulianguka mwaka 2004. Square ilikuwa imeungana na Enix mwezi Aprili 2003, na kampuni mpya ikatoa Dawn of Souls kwa ajili ya Game Boy Advance, mashine ya mkononi ya Nintendo. Sababu ya mabadiliko yake inaeleweka kirahisi na haistahili kudharauliwa: mashine ya mkononi huchezwa ndani ya treni, kwenye foleni na kitandani, kwa vipande vya dakika kumi, na anayeshuka kituoni hawezi kuambiwa asubiri mpaka atoke pangoni. Uhifadhi wa kudumu uliruhusiwa popote isipokuwa katikati ya pambano. Unyoya wa feniksi uliingizwa. Mapigo yaliyoelekezwa kwa zimwi aliyekufa yalihamia yenyewe kwa zimwi mwingine. Matumizi ya sihiri kwa ngazi yalifutwa, na badala yake kukawa na hazina moja ya nguvu za sihiri, ambayo kila sihiri hutoa kiasi chake na ambayo hujazwa kwa dawa ya chupa bila kurudi mjini. Kikomo cha kukua kwa mashujaa, ambacho mwaka 1987 kilikuwa daraja la 50, kile ambacho vijana wengi hukiita levo, kilipandishwa hadi 99, na mashujaa wenyewe wakawa wanakua upesi kuliko zamani.

Badiliko la hazina ya sihiri ndilo lililogeuza mambo kwa undani zaidi. Chini ya utaratibu wa zamani, mchawi aliyefika mbali bado alikuwa na matumizi 9 ya moto mdogo wa ngazi ya kwanza, na kwa kuwa hayakuweza kubadilishwa kuwa kitu kingine, aliyatumia kwa mazimwi wadogo na kuyatunza yale makubwa kwa siku ya shida. Kila ngazi ilikuwa mfuko wake, na ustadi ulikuwa kujua mfuko upi ufunguliwe. Mifuko ilipomwagwa katika gunia moja, sihiri ndogo za mashambulizi zikawa hazina kazi, kwa kuwa mwenye gunia kubwa huchota kikubwa kila mara, na mchawi mweusi, aliyekuwa bahili kwa lazima, akawa mfujaji kwa desturi. Wabunifu hawakumpa nguvu mpya hata moja, lakini kwa kubadilisha namna ya kuhesabu walimfanya mtu mwingine.

Matokeo ya yote hayo yanasomeka katika namba moja. Adui wa mwisho wa mchezo huu, Chaos, mwaka 1987 alikuwa na nukta 2,000 za uhai, pamoja na sihiri ya kujiponya ambayo ilikuwa ikimrejesha mzima wakati mchezaji alipodhani kwamba amemaliza kazi. Katika Origins alipewa 4,000. Katika Dawn of Souls alipewa 20,000, mara kumi ya mwanzo. Mtu asiyejua historia angesema kwamba mchezo umefanywa kuwa mgumu mara kumi, ilhali kila aliyeucheza anajua kwamba ulikuwa mwepesi kuliko wakati wowote uliotangulia, na kitendawili hicho kinafunguka mara tu hitilafu zile za zamani zinapokumbukwa. Sihiri ya kuongeza nguvu za upanga, ambayo kwa miaka yote hiyo haikuwa na faida, ilikuwa imetengenezwa. Ikirudiwa mara kadhaa juu ya mpiganaji mmoja na kuunganishwa na ile ya kasi, ilimwezesha kupiga pigo moja lenye thamani ya nukta zinazokaribia uhai wote wa Chaos wa zamani. Kurekebisha kosa kulikuwa haki, lakini kosa hilo lilikuwa limebebeshwa uzito ndani ya mizani, na lilipoondolewa ilibidi upande wa pili urundikiwe mawe.

Mawe hayo yaliwekwa kwa maadui wakuu. Lich, wa kwanza kati ya majini wanne wanaotawala ardhi, moto, maji na upepo, alipandishwa kutoka nukta 400 hadi 1,200. Hapa ndipo tathmini ya wabunifu wa 2004 inapopaswa kupingwa, kwa heshima yote kwa kazi yao. Ugumu walioondoa ulikuwa wa njia, na ule walioongeza ulikuwa wa mlango wa mwisho. Lich wa mwaka 1987 aliogopwa na mchezaji aliyemfikia akiwa amechoka, baada ya sakafu kadhaa za mapambano ndani ya pango la ardhi, huku akihesabu sihiri zilizobaki kwa vidole. Lich wa 2004 alifikiwa na mtu aliyehifadhi mchezo hatua tatu kabla, mwenye uhai kamili na gunia la dawa, na nukta 800 za ziada zilichofanya ni kurefusha pambano ambalo mwisho wake ulikuwa umejulikana. Hekalu la mwisho ndilo lililopoteza zaidi. Pale majini wote wanne husimama tena mmoja baada ya mwingine kabla ya Chaos mwenyewe, na katika toleo la kwanza jambo hilo lilikuwa safari ya saa nzima au zaidi bila kituo hata kimoja; baada ya 2004 kila mmoja wao akawa pambano la kujitegemea.

Inafaa pia kusemwa kwamba Dawn of Souls haikuwa kazi ya uvivu. Iliongeza mapango manne mapya ambayo mabosi wake, yaani maadui wakuu, wametolewa katika mchezo wa tatu, wa nne, wa tano na wa sita wa mfululizo, na huko ndiko mashujaa wa daraja la 99 walikopata wa kupimana nao nguvu. Toleo la PSP la mwaka 2007, lililoadhimisha miaka 20 ya mchezo, lilifuata mizani hiyohiyo na kuongeza handaki jingine lenye masharti ya muda. Kwa hiyo kwa zaidi ya muongo mmoja, mchezaji aliyesema kwamba ameumaliza Final Fantasy wa kwanza alikuwa anazungumzia mizani ya 2004, na mazungumzo kati yake na aliyeumaliza kwa kaseti yalikuwa ya watu waliopita mji mmoja kwa njia mbili, mmoja kwa miguu na mwingine kwa gari, kila mmoja akishangaa mwenzake anasimulia nini.

Tarehe 28 Julai 2021 Square Enix ilitoa toleo jingine, katika mkusanyiko uitwao Pixel Remaster, kwa kompyuta na simu, likiwa na picha za vinukta zilizochorwa kwa kufuata mtindo wa mwanzo. Mapango ya ziada ya 2004 na 2007 yaliondolewa, na utaratibu wa matumizi ya sihiri kwa ngazi 8 ukarudishwa. Uamuzi huo ni wa thamani kubwa katika historia ya mchezo huu, kwa kuwa ni ungamo kwamba mifuko ile minane haikuwa mabaki ya teknolojia duni, ilikuwa wazo, na wazo hilo lilikosekana. Mchawi mweusi akawa bahili tena. Lakini umbali haukurudi pamoja naye: toleo hilo hujihifadhi lenyewe kila sakafu inapobadilika, na mchezaji anaweza kuhifadhi kwa haraka ndani ya pango, hivyo kibuyu kimerudishwa mkononi mwa msafiri ambaye kila baada ya hatua chache anakuta kisima. Toleo la Nintendo Switch na PlayStation 4 la Aprili 2023 likaenda mbali zaidi kwa kumpa mchezaji mwenyewe vishikio vya mizani: anaweza kuzima mapambano ya njiani kwa kitufe kimoja, na kuzidisha uzoefu na fedha anazopata hadi mara nne.

Katika marekebisho yote haya kuna kipande kimoja cha ardhi ambacho hakikuguswa. Ramani ya dunia ya mwaka 1987 iligawanywa katika miraba 64, kila mraba ukiwa na orodha yake ya mazimwi, na mistari ya miraba hiyo ilichorwa bila kufuata ufuo wa bahari. Kaskazini-mashariki ya mji wa Pravoka kuna rasi nyembamba ambayo ncha yake imeingia katika mraba wa bara la mbali, na hapo, hatua chache tu kutoka katika nchi ya mazimwi wadogo, hutokea majitu ambayo mchezaji hakupaswa kukutana nayo mpaka saa nyingi baadaye, yenye uzoefu na dhahabu kwa kiasi kisicholingana na mahali. Inaelekea lilikuwa kosa la kuchora mstari, kama yalivyokuwa makosa mengine, ila hili liliangukia upande wa mchezaji. Wachezaji wa kaseti waliligundua wakaipa rasi hiyo jina la Rasi ya Nguvu. Hitilafu ya akili ya mchawi ilirekebishwa, silaha zikapata maadui wake, Chaos akaongezewa uhai mara kumi, mifuko ya sihiri ikafutwa na kurudishwa, na katika toleo la 2021 mstari wa mraba ule bado unapita palepale, na mchezaji mwenye subira bado anaweza kutoka Pravoka kwa miguu, akapiga hema lake kwenye ufuo, akahifadhi, kisha akapiga hatua moja kuingia katika nchi ya majitu.